Farasi Yumo, Dulcie Hayumo

Katika ukumbi wa kijiji chetu cha Penwarren kuna ukuta wa heshima. Ukiingia, uko mkono wa kulia karibu na jukwaa, na umejaa picha za watu wa hapa waliolipeleka jina letu mbali. Yuko askofu mmoja. Yuko kijana aliyecheza magongo ya barafuni huko Boston msimu mmoja, akavunjika goti. Yuko seneta ambaye hakuna anayekumbuka alifanya nini, hata wajukuu zake. Na katikati yao, katika fremu kubwa kuliko ya askofu, yuko farasi.

Farasi huyo anaitwa Silver Corrigan. Alikuwa farasi wa mbio, wale wanaokokota kigari cha magurudumu mawili, na alishinda Charlottetown, Halifax na kwingine ambako sitakutaja, kwa sababu habari zake nimezisikia mpaka masikio yamechoka. Sina ugomvi naye. Amepigwa picha ametulia, shada shingoni, anatazama mbele kama mtu anayengoja chakula. Ugomvi wangu ni na binadamu waliomtundika pale, maana ndio hao hao waliokaa kikao wakasema mke wangu hawezi kutundikwa.

Nitaeleza, lakini mnivumilie, kwa kuwa kila nikilianza jambo hili hasira inanipanda.

Sisi watu wa Kisiwa cha Prince Edward, hapa Kanada, tuna swali moja tunalomuuliza kila mtu. Hatuulizi jina lako nani wala unafanya kazi gani. Tunauliza: baba yako nani? Ukijibu, mwulizaji hufumba macho kidogo, anapanda ukoo wako hadi juu, anateremkia upande wa pili, na akifika chini anakuambia kwamba bibi yako na babu yake walisoma darasa moja. Basi umekwisha kuwa mtu. Mimi ni Leith wa Wendell wa Ewen. Jina langu la ukoo ni Jardine, lakini wanaolitumia ni watu wa posta tu. Asiye na baba wa kutaja ni wa kuja. Anaweza kuishi hapa mpaka meno yamwishe, atakuwa wa kuja asiye na meno. Watoto wetu ni wa hapa kwa sababu baba yao ni mimi. Mama aliyewazaa, hapa hapa kisiwani, ni wa kuja. Hata farasi ana baba. Silver Corrigan ni wa Silver Dan, wa zizi la Cyrus Craswell, barabara ya kanisani. Ndiyo maana alipita.

Mke wangu Dulcie nilimtoa Saskatchewan, mbali huko bara, magharibi. Ujanani nilikwenda huko kuvuna ngano, kama vijana wengi wa hapa walivyofanya msimu wa kamba koche ulipokwisha, nikarudi na msichana mrefu kunipita, mwenye mikono ya kubebea magunia. Tulivuka kwa feri katikati ya mawimbi makubwa. Alitapika njia nzima, na tulipofika nyumbani mama yangu alimtazama kuanzia viatu kwenda juu, akamuuliza, "Baba yako nani, mwanangu?" Dulcie akajibu kwamba ni Orville Sather. Mama akangoja, kama anayengoja chenji dukani. Ilipokosekana akasema, "Ahaa. Simjui," akaenda kuchemsha chai. Toka siku hiyo hakuna mtu wa Penwarren aliyemuuliza tena. Wangemuuliza ili iweje?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hatukungoja hata ya tatu. Kesho yake tu mama alimpa jembe akaingia naye kwenye viazi, na jembe hilo hajaliweka chini mpaka leo. Lakini methali inasema ukishapewa jembe ugeni umekwisha. Hapo ndipo watu wangu walipoiharibu methali.

Kazi yake kubwa ilianza kwa huyo huyo mama yangu. Aliugua ugonjwa ambao matibabu yake hayakupatikana kisiwani, ikabidi apelekwe Halifax, ng'ambo ya maji, kila wiki, na ulikuwa msimu wa kamba koche, wanaume wote tuko baharini. Dulcie akasema atampeleka yeye. Alimpeleka. Aliweka garini blanketi, chupa ya chai, mikate yenye yai, na ndoo yenye kifuniko, ya kutapikia safari ya kurudi, wale waliopitia wataelewa. Mama alipona, akaishi miaka mingi, na mpaka anakufa alikuwa akiwaambia wageni kwamba mkwe wake ni mtu mwema sana, ingawa ni wa kuja.

Baada ya mama akaja jirani. Baada ya jirani akaja binamu wa jirani, kisha mtu wa kijiji cha pili, kisha watu ambao hata mimi nilikuwa siwajui baba zao. Wakati huo hakukuwa na daraja la kutuunganisha na bara. Kuna siku feri ilinaswa kwenye barafu, naye akakaa humo mpaka asubuhi na mgonjwa kichwa chake pajani. Daraja lilipojengwa watu wakadhani atapumzika, kumbe wagonjwa ndio waliongezeka. Hakuwa na maneno mengi garini. Mgonjwa akitaka kusema, alisikiliza. Akitaka kunyamaza, alinyamaza naye. Hospitalini alikaa chumba cha kungojea akifuma soksi. Wengine aliwarudisha wakapona. Wengine aliwarudisha, na baada ya muda akawatengenezea mikate ya matanga. Magari yaliyokufa mikononi mwake mimi sikuyahesabu, niliyazika tu nyuma ya banda.

Na watu wa hapa walimshukuruje? Kwetu kumsifu mtu usoni ni kukosa adabu. Sifa kuu kabisa tuliyo nayo ni "si mbaya". Basi asubuhi tunafungua mlango tunakuta gunia la viazi, au pai ya nyama imefunikwa kitambaa, au ndoo ya kamba koche, bila mtu wala salamu. Hilo nalielewa, nami ni wao. Lililonikera ni lile nililolisikia dukani kwa masikio yangu, mara si moja: "Dulcie ni rahisi kwake. Anazijua njia za huko nje, si ndiko alikotoka?" Saskatchewan na Halifax ni siku kadhaa kwa treni. Lakini kwa mtu wa Penwarren, ukishavuka maji, kote ni kumoja.

Ikaja Februari hii, simu ikalia. Jimbo letu hutoa nishani kila mwaka kwa wakazi wachache waliofanya jambo la kutajika. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Luteni Gavana mwenyewe, mwakilishi wa mfalme jimboni, anakuvisha nyumbani kwake, na ukitaka unaweka herufi za nishani hiyo nyuma ya jina lako maisha. Aliyempendekeza Dulcie ni mchungaji wetu, mama Rosalind. Naye ni wa kuja, katoka Ontario. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akikusanya habari, na kila nyumba alipewa chai, keki, na hadithi ya machozi juu ya Dulcie, na kila nyumba waliimaliza kwa kumkumbusha kwamba Dulcie si wa hapa.

Mama wa serikalini alisema kwenye simu kwamba Dulcie amechaguliwa, afikirie kama anakubali, ajibu kabla ya wiki kuisha, na iwe siri. Siri hiyo ilifika dukani kabla ya maziwa.

Mimi nilifurahi kama mtoto. Nikaenda kwenye kamati ya ukumbi, ambamo ni mjumbe kwa sababu baba yangu alikuwa mjumbe, nikapendekeza picha ya Dulcie itundikwe ukutani. Mwenyekiti wetu ni Borden wa Cyrus, wa ule ukoo wa zizi la farasi. Ni binamu yangu kwa mama. Wakati huo Borden alikuwa na uvimbe kooni, sauti imebaki ya kunong'ona, na kila Alhamisi alikuwa akipelekwa Halifax kutibiwa. Na nani? Msiniulize.

"Leith, bwana," akasema kwa kile kisauti chake, "hakuna anayemkataa shemeji. Lakini ukuta ule ni wa watoto wa hapa. Tukifungua mlango leo, kesho tutatundika kila aliyepita na baiskeli."

Nikamuuliza, na farasi je?

"Farasi kazaliwa hapa. Nilikuwepo, nimemvuta miguu mwenyewe."

Wakanipa suluhu. Karibu na mlango wa jikoni kuna nafasi ya marafiki wa ukumbi, pale penye mtungi wa kuzimia moto na picha ya watu waliotuletea jokofu. Dulcie anaweza kuwekwa hapo. Niliwaambia maneno ambayo siyaandiki. Nikamwambia Borden mbele ya watu wote kwamba Alhamisi hii basi apande farasi wake ampeleke Halifax. Borden akasema hayo ni mambo mengine. Na kweli anaamini ni mambo mengine! Hapo ndipo mtu unapotaka kugonga kichwa ukutani, pembeni ya seneta. Kikao kikafungwa, wakala keki.

Kosa langu ni kwamba nilirudi nyumbani na hasira zangu nikamwambia mke wangu kila kitu. Alikuwa anamenya viazi. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitumbukiza kwenye maji.

"Mpigie yule mama wa serikali umwambie sitaki nishani," akasema. "Wampe mtu wa hapa."

Nikamwambia asiwe mtoto, nishani haitolewi na Borden. Akasema, "Na lile jiwe, Leith. Ulifute jina langu."

Kwetu si ajabu mume na mke kusimamisha jiwe la kaburi wakiwa bado wanakula na kunywa. Letu tulilisimamisha zamani kwenye makaburi ya kanisa, penye kilima kinachotazama ghuba, karibu na Wendell na Ewen. Limeandikwa Leith wa Wendell Jardine, na mkewe Dulcie. Miaka ya kuzaliwa ipo, ya kufa imeachiwa nafasi. Kila masika tunakwenda wote wawili kuliosha kinyesi cha shakwe.

"Nikifa nirudishe kwetu," akasema. "Nikalale kwa baba yangu. Kule mtu akipita makaburini akasoma jina langu, atajua mimi ni wa nani."

Nilimuuliza mimi nitalala pale na nani. Akasema nitakuwa na Wendell, na Ewen, na ukoo mzima, sitakosa wa kupiga naye soga.

Nilikasirika, nilifunga mlango kwa kishindo, nikaenda bandani kupanga vitu vilivyokuwa vimepangika. Lakini chini ya hasira niliogopa. Maisha yangu yote na mwanamke yule nilikuwa nimeyaweka juu ya jambo moja, kwamba ingawa nilimtoa kwao, nilimleta mahali. Sasa ananiambia hakuna mahali nilipomfikisha. Alikuwa amekaa kwenye chumba cha kungojea miaka yote hii, anafuma soksi.

Siku zilizofuata nilimbembeleza, nikamnunia, nikambembeleza tena. Mchungaji Rosalind akaja, akalia yeye, Dulcie akambembeleza. Simu ya kukubali hakuipiga wala hakuniruhusu niipige, na ya kukataa mimi sikuipiga. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho wa kujibu, na Alhamisi theluji ikaanguka, na mke wangu huyo, aliyetukanwa na kamati nzima ya ukumbi, akaamka, akachemsha chai ya chupa, akaweka ndoo garini, akaenda kumchukua Borden.

Nilipanda nami. Nilisema ni kwa sababu ya theluji, lakini nilikuwa na nia mbili: kumshawishi mke wangu njiani, na kumtazama Borden vibaya. Hakuna hata moja iliyofanikiwa. Borden alikaa nyuma amejizungushia skafu mpaka puani, na Dulcie alikuwa amemwekea mto mdogo wa shingo, aliuleta kutoka kitandani kwetu. Tulilivuka daraja, bahari chini imejaa vipande vya barafu. Amherst tukasimama tukanywa chai. Borden akasema chai si mbaya. Mimi ningemwacha hapo hapo.

Chumba cha kungojea cha hospitali ile kina viti vya kijani na dirisha linalotazama ukuta. Borden alikwisha kutibiwa, tukawa tunangoja daktari amtazame kabla hatujaondoka. Akaingia mzee mmoja mwembamba, kofia mkononi, akakaa mbele yetu. Haikuchukua muda akajua sisi ni wa kisiwani, nasi tukajua naye ni wa kisiwani, wa magharibi kabisa, Tignish. Jina lake Alyre. Mtu wa pwani ya kaskazini, kama sisi, na mtu wa Tignish wakikutana ni lazima washindane, hata kwa magonjwa. Borden, ambaye daktari alimkataza kusema, alisema. Wakashindana viazi, wakashindana theluji, wakashindana farasi, na hapo Borden akaongoza.

Alyre akaona anashindwa, akageukia upande wetu. "Na huyu dereva wenu ni wa nani?"

Borden akaguna ndani ya skafu.

"Nauliza tu," Alyre akasema. "Maana sisi Tignish anayetuleta ni binti wa pale pale, namjua mpaka babu yake. Nasikia kuna vijiji wagonjwa wao wanabebwa na watu wa kuja. Mimi nisingekubali. Wa kwenu wenyewe wakishindwa kukubeba, si aibu hiyo?"

Niliona masikio ya Borden yakigeuka mekundu. Mtu huyu, aliyekaa kwenye kamati siku chache zilizopita akasema alivyosema, aliinua kidevu akatoa sauti yote iliyobaki.

"Ni wa kwetu," akasema. "Wa Penwarren, damu. Baba yake ni Wendell Jardine."

Wendell ni baba yangu mimi. Kwa neno moja Borden alikuwa ameniozesha dada yangu. Alyre akafumba macho, akapanda ukoo wa kina Jardine, akazunguka huko juu, akateremka, akafumbua macho.

"Wendell wa Ewen? Huyo alizaa wavulana watupu."

Dulcie aliweka soksi chini. Mimi nimemwona amekasirika mara chache, na kila mara ilikuwa hivyo, kwa kuweka kitu chini taratibu.

"Baba yangu ni Orville Sather," akasema. "Wa Shaunavon, Saskatchewan. Hamkuwa na haja ya kuniazimia baba mwingine, ninaye wangu. Mngeniuliza. Nipo hapa." Kisha akamgeukia Borden, na sauti ikashuka. "Mara ya mwisho kuulizwa ilikuwa jikoni kwa mama mkwe, shemeji. Nikajibu, akaenda kuweka chai. Nimewabeba wote, na wote nawajua baba zao. Wako nilimleta hapa hapa. Alikaa kiti hicho."

Alyre alitazama kofia yake. Nilitamani kumshika mke wangu mkono, nikaogopa atautoa. Muuguzi akaita jina la Borden, akaenda, akarudi, tukaondoka.

Giza la mchana wa theluji lilitukuta tukiwa tumeiacha Truro. Nilikuwa naendesha mimi sasa, Dulcie pembeni yangu macho mbele. Nilidhani tutafika nyumbani hivyo hivyo, bila neno. Kisha nikasikia kitu kinakwaruza nyuma yangu. Nilifikiri Borden anataka ndoo. Kumbe anaongea.

"Huyo Orville," akanong'ona, "alikuwa anafanya nini?"

Dulcie hakugeuka. Akasema alikuwa analima ngano.

"Kwa trekta?"

"Mwanzoni kwa farasi."

Wiper zikapita mara mbili tatu.

"Farasi gani?"

Basi. Mnajua mlango wa banda ulioganda barafu, unavyousukuma na kuusukuma, halafu ghafla unaanguka nao ndani? Dulcie akaanza kueleza. Farasi wakubwa weusi, akasema, kwato kama sinia, wanane wanafungwa pamoja kwenye jembe moja, na baba yake alikuwa hawapigi, anawaimbia nyimbo za kanisani za Kinorwe, kwa sauti mbaya. Borden akauliza majina yao. Akatajiwa yote. Akauliza walivyofungwa, nani mbele nani nyuma, walilishwa nini mwaka wa ukame, na baba yake aliwafanya nini trekta lilipokuja. Dulcie akasema wawili wa mwisho baba yake alikataa kuwauza, wakafia malishoni wazee, naye aliwachimbia shimo mwenyewe, siku mbili, ardhi imekauka kama tofali. Borden akasema, "Mm." Aliuliza maswali kutoka Truro mpaka darajani, mtu aliyekatazwa kusema, na mke wangu alijibu mpaka sauti yake nayo ikaanza kukwaruza. Nami hata sikuthubutu kukohoa. Mimi Orville nilimjua, nilimvunia ngano yake. Lakini hilo la kuwaimbia farasi nililisikia siku hiyo, kwa sababu mimi si mtu wa farasi na sikuwahi kuuliza.

Tulimshusha Borden mlangoni kwake. Hakuomba radhi. Msitegemee radhi kwa watu wa hapa, mtazeeka mkingoja. Alisimama kwenye theluji ameshika mlango wa gari.

"Orville wa nani?" akauliza.

"Wa Nels," Dulcie akasema.

"Orville wa Nels," Borden akarudia, akafunga mlango.

Kesho yake nilimkuta Dulcie anaongea kwa simu, anasema asante, ndiyo, atakuja, na mumewe pia. Sikumuuliza kitu, nikatoka nje kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Nishani alivishwa Septemba, Charlottetown, kwenye nyumba kubwa nyeupe ya Luteni Gavana. Watu wa Penwarren walijaa viti vya nyuma, wamevaa suti zao za mazishi. Waliposoma aliyoyafanya, ikawa kila sentensi kuna mtu anapenga kamasi. Borden alikaa kando yangu. Makofi yalipotulia akaniinamia sikioni akasema, "Si mbaya."

Kamati ya ukumbi nayo ilikaa tena. Borden alileta hoja ya picha ya Dulcie kana kwamba imemjia yeye usingizini, na nilipotaka kusema neno mchungaji Rosalind alinikanyaga mguu. Sababu aliyoitoa ni kwamba baba yake anajulikana, ni Orville wa Nels, mtu wa farasi. Ikapita bila kupingwa. Wamemtundika kati ya Silver Corrigan na seneta. Fremu ya farasi bado ndiyo kubwa kuliko zote, na mke wangu anasema nisithubutu kulileta hilo kikaoni. Na dukani bado nawasikia wakisema Dulcie ni wa kuja, ila sasa wanaongeza, "lakini wa watu." Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi dawa imeniishia.

Lililokuwa linanikosesha usingizi lilikuwa jiwe. Sikumuuliza kiangazi chote, niliogopa jibu. Baada ya nishani, tulipokwenda makaburini kufyeka majani, nikajikaza. Nikamuuliza jina lake nilifute au niliache.

Alikwangua ukoga kwa kucha. "Liache," akasema. "Lakini hilo la 'mkewe' peke yake halitoshi. Mwite yule mchonga mawe aongeze baba yangu."

Mchonga mawe alikuja Jumamosi, kijana wa upande wa Souris ambaye hatujui sisi. Borden alikuja pia, kuangalia kazi, maana hakuna kazi Penwarren inayofanyika asiiangalie. Nilimpa yule kijana maneno: Dulcie wa Orville Sather. Akapiga magoti mbele ya jiwe, akapima nafasi kwa vidole, akachukua patasi. Halafu, kama mwana wa kisiwani yeyote, akauliza.

"Huyu Orville ni nani? Mbona simjui?"

Nilianza kueleza habari za Saskatchewan. Borden akanitangulia, kwa ile sauti yake ambayo haikurudi yote.

"Ni baba yake Dulcie," akasema.

Kijana akaitikia kwa kichwa, akaanza kugonga.